Jina Lililobaki Ghorofani

Sauti ile niliisikia kwa mara ya kwanza usiku wa manane. Kwii, kisha kimya, kisha kwaa, kama kitu cha mbao kinachobembea juu ya sakafu ya mbao, nami nikabaki nimekodoa macho gizani, kwa sababu sakafu ya nyumba yetu ni saruji tupu toka mlangoni hadi jikoni, na kitu cha kubembea hatuna. Kitanda cha mtoto tulikuwa nacho, ndiyo, cha miguu minne, lakini mume wangu alikibomoa siku tuliyotoka kuzika, akazifunga mbao kwa kamba, akazipandisha juu ya kabati.

Kwii. Kwaa.

Maziwa yakaanza kunitoka.

Ngoja nirudi mwanzo, maana nikienda mbio hivi nitawapoteza. Mwanangu wa pili alizaliwa, akalia mara moja tu. Sauti nyembamba, ikapanda, halafu ikakatika katikati kama ya mtu aliyekumbuka jambo, na ilipokatika haikurudi tena. Mume wangu akasema tusimpe jina. "Tukimpa jina tutakuwa na cha kumwitia, mama Chiriku," aliniambia, "na hataitika." Akazikwa hivyo hivyo. Lakini jina mimi nilikuwa nalo. Nililibeba pamoja na mimba, sikumwambia hata huyo baba yake, nilikuwa nangoja nimpakate kwanza ndipo nilitamke.

Mume wangu ni fundi wa kuchora mabango, majina ya maduka na vinyozi mji mzima ni mkono wake. Msiba haujapoa sawasawa akapata kazi mji mwingine, mtaa mzima wa maduka mapya, akaondoka na ndoo zake za rangi. Nikabaki na binti yetu ambaye tunamwita Chiriku kwa sababu tangu aanze kusema hajawahi kunyamaza, hata usingizini anasimulia. Nikabaki pia na matiti ambayo hakuna aliyeyaambia kwamba mtoto hayupo.

Ndipo wifi yangu, dada yake mume wangu, akaja asubuhi moja akafungua madirisha yote bila kuniuliza.

"Wifi, utaota uyoga humu ndani. Vaa viatu tutoke."

"Niende wapi navuja hivi?"

"Makumbusho. Ile nyumba ya kale nyuma ya posta. Au wanakagua matiti mlangoni?"

Nikacheka, jamani. Nilicheka mpaka nikalia, nikavaa viatu.

Ni nyumba ya ghorofa moja, kuta nene, ndani kuna ubaridi hata jua likiwa la utosi. Tiketi anakata mama mmoja mtu mzima, wanamwita Bibi wa Funguo, wa mwisho katika ukoo uliojenga nyumba hiyo; funguo zimemjaa kiunoni, na wakati wote anafuma sweta ambayo sikuona kama ina mwenyewe. Chini kuna pasi ya mkaa, cherehani ya mkono, gramafoni bila pembe, na ukuta mzima wa picha za watu wasiocheka.

"Hawa wote viatu viliwabana," wifi akasema.

Chiriku alikuwa dirishani anatazama uani. "Mama, mtoto ananing'inia."

Nikashtuka nikakimbilia. Kumbe ni mwanasesere wa kitambaa, kabanwa mikono kwa vibanio kwenye kamba ya nguo, anakauka juani. Wifi akamcheka mwanangu, mwanangu naye akacheka. Mimi moyo haukurudi mahali pake.

Juu, chumba cha mwisho, ndicho cha watoto. Kuna kamba imepitishwa mbele na kibao: USIGUSE. USIPIGE PICHA. USITAJE JINA LA MTOTO CHUMBANI HUMU.

"La tatu hilo ni la wapi tena?" wifi akasema kwa sauti. "Na wewe Chiriku, usijitaje."

Kutoka chini Bibi wa Funguo akapaza sauti, "Huko juu mnatazama kwa macho, si kwa midomo!"

Wifi akamvuta Chiriku wakaenda kuona roshani huku wanabana vicheko. Mimi nikabaki. Nyuma ya kamba kulikuwa na kitanda cha kubembeza, cha mbao nyeusi, kitupu, na ukingo wake mmoja ulikuwa umelika, umekuwa laini kama sabuni iliyotumika, mahali ambapo mkono wa mama ulikaa mwaka hadi mwaka. Sikudhamiria. Nilinyoosha mkono kuangalia kama vidole vyangu vitaenea pale. Vilienea. Maziwa yakashuka yote kwa pamoja, yakalowesha gauni mpaka kiunoni, nami nikainama juu ya ule utupu nikamwita mwanangu kwa jina lake, kwa mara ya kwanza, kwa midomo tu, wala sauti haikutoka.

Kitanda kikajibu. Kwii.

Madirisha yalikuwa yamefungwa. Niliteremka ngazi nikisema ni mimi nimekisukuma, lakini njia nzima mkono wangu wa kushoto uliuma kama niliyepakata.

Usiku huo ndio nilioanza nao. Na asubuhi yake matiti hayakuuma, yalikuwa mepesi, yamenyonywa. Chumba kizima kilinuka maziwa yaliyochacha na nta, ile ya kusugulia sakafu za mbao. Chiriku akaja amekumbatia shuka lake dogo. "Mama, mdogo wangu anasikia baridi." Akamtaja, kwa lile jina ambalo hakuna mtu aliyewahi kulisikia duniani.

Najua mtasema nilipaswa kupiga yowe. Sikupiga. Kila usiku nililala ubavu, nikafungua vifungo, nikangoja, na kitu kilikuja, chepesi, baridi kama mdomo wa mtungi, nami nilimwita na kumwita na yeye aliitika kwa kunyonya, na kwa mara ya kwanza tangu tuzike nililala usingizi wa mtu.

Halafu maziwa yakaanza kukauka, kama yanavyokauka kwa kila mwanamke, na Chiriku akaanza kunyamaza.

Kwanza alisahau wimbo wake wa kuoga. Nikasema ni utoto. Kisha akawa anaonyesha kikombe kwa kidole, hakumbuki kinaitwaje, na mlango, na viatu, na wifi alipokuja akamtekenya akasema, "Leo chiriku kameza kokoto?" mtoto alimtazama tu kama picha za ule ukuta. Usiku sauti ya kubembea haikuwa tena upande wangu, ilikuwa imehamia upande wake, nami nikaamka nikamkuta ameketi katikati ya kitanda, mkono wake unasukuma hewa, taratibu, kwii, kwaa, na mdomo wake uko wazi kana kwamba kuna mtu anayekunywa humo. Na asubuhi ile, nilipomshika mabega nikamwambia, Chiriku, sema neno, sema lolote, nitukane hata mimi mama yako, akavuta pumzi, akafungua kinywa, na kilichotoka kilikuwa kile kilio, chembamba, kikapanda, kikakatika katikati, kilio ambacho katika dunia nzima nilikisikia mara moja tu na nilikuwa nimekizika.

Sikumbuki kama nilifunga mlango. Nilimbeba mgongoni, yeye kakumbatia lile shuka lake dogo, nikakimbia hadi nyuma ya posta. Bibi wa Funguo alinitazama, akamtazama mtoto, akaweka sweta chini. Aligeuza kibao cha mlangoni kionyeshe TUMEFUNGA.

"Ulimtaja," akanong'ona.

"Nilimtaja, bibi."

"Mola wangu. Na siku ile kitanda kilikuwa kitupu." Akajishika kichwa. "Panya walimkojolea mwanasesere anayelala humo, nikamfua. Nikasema, mchana mmoja tu, nani atajua? Sikiachi kitupu hicho, mwanangu, sikiachi hata siku moja, isipokuwa ile."

Akaniambia kwa haraka huku tunapanda ngazi. Kwamba humo alilala kaka yake bibi yake, akafa kabla hajapewa jina, na mama yake akawa anakuja kila jioni kukibembeza kitanda na kuliita jina alilokuwa amelitaka. Jioni moja akaitikiwa.

"Na mtoto?"

"Na jini. Lilikuwepo kabla ya nyumba, halina sura, halina sauti, halina jina. Kisicho na jina hakina mlango wa kupitia. Ninyi kina mama ndio mnaolifungulia, kwa sababu mna majina yasiyo na wenyewe."

"Litamwachia binti yangu?"

"Ukililaza pale pale ulipoliokota na kulikana. Ila litakulilia, tena kwa sauti ya yule uliyemzika. Silaha lina hiyo moja tu. Ukigeuka, huyu wa mgongoni hatasema tena."

"Na jina la mwanangu?"

Bibi hakuniangalia. "Jina unaliacha. Ni la jini sasa. Lisitamkwe, lisiandikwe, popote mtoto wako alipo, aliye hai na aliyezikwa. Likiitwa tena, hakuna kitakachokuja kulilaza."

Nikavuka kamba. Nikalikunja lile shuka dogo kama linavyokunjwa likiwa na mtoto ndani, na wallahi lilikuwa na uzito, lilikuwa na kichwa kilichotafuta kifua changu. Nikalilaza. Nikasema, "Wewe si mwanangu. Mwanangu alikufa." Sikuwahi kuyasema maneno hayo kwa mtu yeyote. Nikasema, "Jina nililokupa halikuwa lako, lakini baki nalo." Hivyo ndivyo nilivyomnyang'anya mwanangu kitu pekee nilichowahi kumpa.

Nikageuza mgongo, na likalia.

Kilio hakikukatika katikati safari hii. Lililia kama mtoto aliyeishi, mtoto mwenye mapafu, mwenye njaa, anayemjua mama yake na anaona anaondoka, na kila ngazi niliyoshuka kilio kilikua, kikawa cha mtoto wa kutambaa, kikawa cha mtoto wa kusimama, na kwenye ngazi za mwisho kikawa na neno ndani yake, na neno lilikuwa *mama*, na maziwa niliyodhani yamekwisha yakabubujika, yakadondoka kwenye mbao, nami sikugeuka, nilikuwa nang'ata ncha ya kilemba changu mpaka damu ikaja, na nyuma yangu nikamsikia Bibi wa Funguo anapita mbio na mwanasesere wake, anamlaza, anasema sss, sss, sss.

Kimya.

"Mama," sauti ikasema mgongoni kwangu, "mbona gauni limelowa? Tunaenda wapi? Nina njaa. Yule bibi ana funguo nyingi, za nini zote?"

Nikaketi palepale chini ya picha za watu wasiocheka.

Baada ya hapo tukawa wazima. Chiriku akaongea mpaka majirani wakalalamika. Maziwa yalikauka kweli, na nyumba ikanuka vitunguu na sabuni kama nyumba za watu. Nilimwambia Chiriku lile jina tumelisahau, na yeye akaitikia kwa kichwa kwamba tumelisahau. Mume wangu akarudi, kakonda, rangi hadi kwenye nyusi. Sikumwambia kitu. Ningeanzia wapi?

Jana jioni alitoka bila kusema anakwenda wapi, akarudi magoti yake yana udongo. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono yake ikinuka rangi mbichi.

"Nilikosea," akasema. "Huko nilikokuwa, mama Chiriku, nilichora majina mchana kutwa. La bucha, la mshona viatu, la mtu anayeuza misumari. Nikawaza, misumari ina jina, mwanangu hana." Akafuta uso kwa kiwiko. "Basi nimemtengenezea kibao. Zile mbao za kitanda chake. Nimekipaka samawati, herufi nyeupe. Nimekisimamisha pale kaburini, nikapiga magoti, nikamwita. Nilimwita kwa sauti, nikamwambia, baba yako nimekuja."

"Ulimwita nani?" nikanong'ona. "Jina umelipata wapi?"

Akatabasamu kwa machozi, tabasamu zuri kuliko yote aliyowahi kunipa, akaliandika hewani kwa kidole, herufi baada ya herufi, kama anavyofanya kabla ya kuchovya brashi. Nilifika kumziba mdomo akiwa ameshalitamka.

Kifua changu kikalowa.

Niliinuka nikaenda chumbani kwa Chiriku. Alikuwa ameketi katikati ya kitanda, shuka hadi kidevuni, anatazama pembe ya chumba ambako hakuna kitu, na kule pembeni, juu ya saruji, mbao ilikuwa inabembea juu ya mbao, bila haraka, kama iliyofika kwake.

"Chiriku," nikasema, nikapiga magoti, nikamshika mikono, ilikuwa baridi. "Lile jina. Ulimwambia nani?"

"Baba tu. Aliniuliza, halafu akalia." Macho yake hayakutoka pale pembeni. Alikuwa anayatafuta maneno, moja moja, kama mtu anayetafuta viatu gizani. "Usinipige, mama. Sitamwambia mtu mwingine."