Skrini ya Upande wa Kushoto

Lobokat alikuwa sokoni Isiolo akifungiwa tumbaku ya mama yake kwenye kipande cha gazeti, jua likikaribia kuzama, simu ilipotetema mfukoni.

“Skrini ya pili imekataa. Njoo kabla ya magharibi.”

Ujumbe ulitoka kwa Esekon.

Aliusoma mara mbili. Kwa miaka miwili Esekon alikuwa kila akimwona kwa mbali anavuka barabara kumkwepa. Na si kwamba mafundi walikuwa wamekwisha mjini, kwani kompyuta za Esekon zilitengenezwa na Murithi, fundi wa karibu na stendi. Mtu mwingine angefuta ujumbe ule, awashe pikipiki, aende zake nyumbani Burat akanywe chai. Lakini Lobokat alikuwa na swali lililomkaa kooni kwa miaka hiyo miwili, na mwenye jibu lake alikuwa Esekon peke yake.

Kaka yake alikufa vipi?

Akolong na Esekon walikua pamoja, chakula cha huyu ni cha yule. Serikali za kaunti zilipoanza na mikutano ikawa mingi, walifungua studio ya video. Esekon alishika kamera. Akolong alikaa kwenye kompyuta, akikata na kuunganisha. Alitumia Linux, mfumo wa kompyuta wa kuamuru kwa kuandika, akamfundisha na mdogo wake Lobokat mpaka naye akawa fundi. Halafu, mwaka ule wa ukame mkubwa, wawili hao walipanda pikipiki moja, skrini imefungwa nyuma, wakaenda Kipsing kuwaonyesha wenye harusi filamu yao.

Esekon alirudi peke yake. Alisema waliviziwa njiani na watu wenye bunduki, Akolong akapigwa risasi ya paja, akakata roho mikononi mwake papo hapo. Vitu vyote vilichukuliwa. Yeye aliponea na pikipiki tu.

Wachungaji waliupata mwili siku ya tatu. Ulikuwa hatua kama mia mbili kutoka palipokuwa na damu, chini ya mgunga, kucha zimejaa mchanga.

“Maiti haitambai,” mama yao, Akidor, alisema siku ile. Akakataa kunyoa nywele za msiba. Angenyoa, alisema, siku atakayoambiwa ukweli.

Basi Lobokat akaitia tumbaku mfukoni, akaenda.

Studio ilikuwa chumba kimoja nyuma ya barabara kuu. Kwenye mlango wa jirani, Sadiya alikuwa anafunika madumu yake ya maziwa ya ngamia.

“Habari ya jioni, mama.”

“Nzuri, mwanangu. Unaenda kwa Esekon?” Alishusha sauti. “Kuna mtu anaongea na yeye huko ndani tangu saa tisa. Lakini mimi niko hapa mlangoni mchana wote. Sijaona mtu ameingia.”

Lobokat alibisha. Mlango ulifunguliwa nusu, na kilichotoka kwanza kilikuwa marashi. Esekon alijipaka marashi makali, ya aina inayobaki chumbani mwenyewe akishaondoka. Alikuwa peke yake. Macho yalikuwa mekundu.

“Nani amekuita?”

“Si wewe? Umenitumia meseji.”

“Na simu gani? Simu yangu iko kwa Murithi tangu jana, kioo ilivunjika. Na Murithi ameenda safari Maua, duka ameifunga na kufuli.”

Walitazamana. Lobokat alitaka kumwonyesha ujumbe, lakini Esekon alikuwa tayari ameangalia saa ya ukutani. Kulikuwa na video ya kukabidhi mteja asubuhi.

“Sawa, ingia. Lakini fanya haraka. Hiyo skrini tu.”

Juu ya meza palikuwa na kompyuta ya zamani, ile ile ya Akolong, na skrini yake moja ikiwaka. Kulia kwake ilisimama skrini ya pili, nyeusi, haina chochote. Nyuma ya meza kulikuwa na dumu la maji la lita ishirini lenye bomba lake. Lobokat akakaa kwenye kiti cha kaka yake, na roho ikamuuma.

Alibadilisha waya. Ikakataa. Akachomeka tundu lingine. Ikakataa. Akazima, akawasha, na safari hii skrini ya pili ikapepesa mara moja, ikawaka.

“Ndiyo hiyo!” Esekon akapumua.

Ilibaki kazi ndogo tu ya kuiambia kompyuta kwamba skrini ya pili iko kulia, ili mshale ukisukumwa kulia uvuke mpaka na kuingia upande wa pili. Lobokat akafungua mipangilio, akakivuta kisanduku kinachosimamia skrini ya pili, akakiweka kulia. Akahifadhi.

Kisanduku kikarudi kushoto.

Akakivuta tena. Akahifadhi.

Kikarudi kushoto.

Mara ya tatu hakugusa kitu. Mshale ulianza kutembea wenyewe, polepole, ukaelekea ukingo wa kushoto, ukapita. Baada ya punde ukatokea kwenye skrini ya pili.

Duniani Lobokat alimjua mtu mmoja tu aliyeweka skrini ya pili kushoto na kugombana na kila aliyeigeuza. Akolong alitemewa sumu na nyoka akiwa mtoto, akichunga mbuzi. Jicho la kulia halikuona tena.

Alijilazimisha kufikiri kama fundi, maana fundi akiogopa kazi imekwisha. Kompyuta ya namna ile ina tabia moja: huikumbuka kila skrini iliyowahi kuchomekwa, kwa namba yake ya kiwandani, pamoja na upande iliowekwa. Ukileta skrini ngeni, haina kumbukumbu nayo. Ukileta ile ya zamani, inairudisha mahali pake. Akaandika amri, akalifungua faili la kumbukumbu, akailinganisha namba na ile iliyobandikwa mgongoni mwa skrini.

Zilikuwa namba moja.

Alizisoma tena, tarakimu kwa tarakimu.

“Esekon. Hii skrini umenunua wapi?”

“Nanyuki. Juzi tu. Kwani?”

“Hii ni ya Akolong. Hii ndiyo mlienda nayo Kipsing.”

“Skrini nyeusi ziko mingi, ndugu yangu.”

“Ulisema walichukua kila kitu.”

Esekon akarudi nyuma hatua moja. Nje adhana ya magharibi ilianza, na katikati yake ikakatika, kama mtu aliyefungwa mdomo. Kelele za barabarani nazo zikakatika. Chumbani yakabaki marashi. Halafu chini ya marashi ikaja harufu nyingine.

Tumbaku.

Lobokat aligusa mfuko wake. Kifurushi cha mama kilikuwa kimefungwa vile vile. Hii ilikuwa tumbaku iliyotafunwa, kama aliyozoea kutafuna Akolong, imechanganyika na vumbi na damu iliyokauka. Akainuka, akaung'oa waya nyuma ya skrini. Aliushika mkononi, ukaning'inia.

Skrini haikuzimika.

Akang'oa na waya wa umeme.

Skrini haikuzimika.

Kwenye ile ya kwanza, kompyuta iliandika yenyewe: skrini mbili, zote zimeunganishwa.

Nzzzz... Nzi. Nzi wengi, na hakukuwa na nzi hata mmoja chumbani.

Kwenye skrini ya kushoto... maana sasa ilikuwa kushoto, ingawa hakuna aliyeihamisha... palitokea mchanga. Mchanga kwa karibu sana, jinsi anavyouona mtu aliyelala kifudifudi. Kokoto. Mwiba wa mgunga. Mkono wenye bangili ya shaba ya Akolong uliokuwa ukijivuta mbele. Nusu ya kulia ya picha ilikuwa giza tupu. Na mbali, barabarani, pikipiki ilikuwa inaondoka. Taa yake nyekundu iliruka juu ya mawe. Nyuma ya dereva, ikiwa imekula nusu ya kiti cha abiria, ilikuwa imefungwa skrini, imezungushiwa mipira mitatu ya tyubu, ile ya kufungia mizigo, imekazwa vizuri kabisa.

“Esekon...” Sauti ilitoka mahali pakavu. “Esekon... maji.”

Esekon alikuwa amejibana ukutani.

“Zima! Lobokat, zima hiyo kitu!”

“Alikuwa hai.”

“Risasi zilikuwa zinalia!”

“Alikuwa hai, na wewe ukabeba skrini.”

“Ilikuwa imefungwa tayari!” Esekon alipiga kelele, machozi yakimtoka. “Akolong ndiye aliifunga, na mipira mitatu. Alipopigwa akaanguka. Ningesimama kufungua, ningekufa na mimi. Akiwa mzima alijibana mbele yake, lakini mtu wa kulazwa, pikipiki ilikuwa na nafasi ya yeye ama ya hiyo. Na hiyo ilikuwa imefungwa tayari...”

Basi ni hivyo tu. Miaka miwili mama ameshindwa kulala, miaka miwili Lobokat amewaza bunduki na maadui na wasaliti, kumbe kaka yake aliachwa atambae juani siku mbili kwa sababu mtu aliona uvivu wa kufungua mipira mitatu. Hasira iliyompanda haikuwa moto. Ilikuwa baridi, na ilikuja na utulivu ambao Lobokat hakuwahi kuujua.

“Ulirudi kumtafuta?”

Esekon alifuta pua kwa kiganja, macho sakafuni.

“Hata siku ya pili?”

“Niliogopa mtaniuliza skrini ilifikaje hapa.”

Sauti ikaita tena, na sasa haikutoka ndani ya skrini. Ilikuwa chini ya meza. Kitu kilikuwa kinajivuta sakafuni... shwaa... kinasimama... shwaa... kinajivuta tena. Kilimpita Lobokat bila kumgusa. Aliisikia tu harufu ya tumbaku, na kitu kama kiganja kikavu kilichotua begani mwake punde kidogo kisha kikaondoka, kama kaka yake alivyozoea kufanya akipita nyuma ya kiti chake.

Esekon akalia kilio kimoja, akaanguka. Alijishika paja la kulia. Hakukuwa na tundu, suruali haikuchanika, lakini damu ilikuwa inapenya katikati ya vidole.

“Mguu... sisikii mguu. Lobokat, nipeleke hospitali. Pikipiki yako iko hapo nje. Dakika tano tu. Nakuomba, ndugu yangu.”

Lobokat alimtazama. Kisha akaitazama skrini, iliyokuwa imezimika sasa, nyeusi kama skrini yoyote. Akaikumbatia, akaitoa nje, akaiweka kwenye kiti cha nyuma cha pikipiki yake. Akatoa mipira mitatu ya tyubu chini ya kiti. Akaizungusha mara moja. Mara mbili. Mara tatu. Hakuharakisha.

Akarudi mlangoni.

“Maji,” Esekon alinong'ona. Midomo yake ilikuwa imeanza kupasuka. “Hilo dumu hapo... nisogezee tu.”

“Ningekubeba,” Lobokat alisema. “Lakini imefungwa tayari.”

“Usiniache!”

Akaurudisha mlango. Hakuufunga kwa kufuli. Hilo aliwaambia polisi baadaye, na lilikuwa kweli.

Nje adhana iliendelea kutoka pale ilipokatikia. Sadiya alikuwa bado anafunika dumu lile lile la maziwa.

“Umemaliza haraka hivyo?” alimwuliza.

Asubuhi walimkuta Esekon katikati ya sakafu, mkono umenyooka kuelekea dumu la maji, umebakiza shibiri moja kulifikia. Kucha zake zilikuwa zimejaa mchanga, na sakafu ile ni ya saruji. Hakukuwa na tone la damu wala jeraha. Waliomwosha walisema alikuwa amekauka kama mtu aliyelala juani siku mbili bila kunywa kitu, na Sadiya, ambaye ukuta wake ni mabati tu, aliapa kwamba tangu Lobokat aingie hakusikia sauti yoyote. Murithi aliporudi kutoka Maua alifungua duka lake, akaikuta simu ya Esekon imefunguliwa vipande vipande mezani, kama alivyoiacha. Ujumbe ule bado uko kwenye simu ya Lobokat. Polisi waliusoma, wakaandika, wakaondoka.

Akidor aliambiwa yote jioni ile ile ya studio. Alisikiliza mpaka mwisho, hakulia. Akaomba wembe. Alipokwisha kunyolewa aliifunika skrini kwa shuka, akaweka juu yake tumbaku kidogo, ile aliyonunuliwa sokoni, na usiku huo akalala usingizi mzito, wa kwanza baada ya miaka miwili. Asubuhi tumbaku haikuwepo. Akacheka, akaweka nyingine.

Ukimwuliza Lobokat kama anajuta, atakwambia hapana, na hasemi uongo. Angekuwa pale leo, angefunga mipira minne.

Ila kuna jambo hasimulii sana. Kompyuta yake ya kazi ina skrini moja tu. Kwa wiki za kwanza mshale ulikuwa unatoroka kushoto, unapotea mahali pasipo na kitu, kisha unarudi taratibu, na yeye alizoea, hata akawa anasalimia. “Habari, kaka.” Halafu siku moja, jua likizama, mshale ukasimama katikati kana kwamba unafikiri. Ukaenda kulia. Ukapita ukingo.

Chumba kikajaa marashi.

Aliandika amri. Kompyuta ikajibu: skrini tatu, zote zimeunganishwa.

Tangu siku hiyo hampakii mtu kwenye pikipiki yake, hata mama akiwa mgonjwa huita gari. Watu humwona anakwenda Burat peke yake jioni, kiti cha nyuma kitupu, wanamsimamisha wakiomba lifti. Yeye hutikisa kichwa, huwaonyesha tairi la nyuma. Limebonyea, kama limebeba mtu.