Mbegu Zilizoingia Kwenye Oveni

Kila alipotoka shule, kazi ya kwanza ya Moraa pale nyumbani kwao Lozells, huko ughaibuni, ilikuwa kugeuza mbegu za mnavu, mboga ambayo Wakenya wengi huiita managu. Mama yake, Brigid, alikuwa amekamua matunda meusi ya bustani yao ndogo, akaziosha mbegu na kuzitandaza kwenye sinia jikoni.

"Zigeuze kila siku zisiote ukungu," alimwagiza kabla ya kwenda kazini kuhudumia wazee. "Na zikauke polepole, hapo hapo kivulini."

Mbegu hizo zilianzia kwa bibi yake Moraa, kule Kisii. Bibi alikuwa amefariki, na mnavu huo ndio waliobaki nao.

Moraa aliitikia vizuri sana. Lakini simu nayo, jamani! Siku moja aliahirisha, siku iliyofuata akasahau kabisa. Ijumaa alipotazama sinia, mbegu zilikuwa zimegandana na kunuka uvundo. Moyo ulimpasuka, maana Jumapili zingegawiwa kanisani. Akawasha oveni, akaisukuma sinia ndani.

Zilitoka zimekauka vizuri ajabu.

"Umenisaidia sana, mwanangu," Mama alisema jioni, akizichezea kiganjani.

Baada ya kuzitoa, Moraa alikuwa amesoma kwenye simu ile ile kwamba joto kali huua mbegu. Alitaka kusema lakini akaogopa, na usiku usingizi ukampaa.

Jumapili baada ya ibada, Mama alianza kujaza bahasha. Rafiki yake, Zilpah, alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

"Mama Moraa, zile ulizonipa mwaka jana zimebaki kiduchu tu. Sasa nitapanda bustani nzima!"

"Anti, usizichukue!" Moraa alipaza sauti. "Zimekufa. Zilishika ukungu nikaziweka kwenye oveni. Sori, Mama."

"Zote?"

"Zote."

Mama alikaa kitini akalia mbele za watu. "Zilikuwa za mama yangu," alisema. Moraa aliona aibu na huruma kwa pamoja, akamshika bega.

Jioni hiyo Zilpah alibisha hodi. Alileta kibahasha kidogo cha zile mbegu zake za mwaka jana. "Nimegawa nusu kwa nusu. Hata mimi nilipewa."

Alipoondoka, Mama alimkabidhi Moraa kibahasha kile.

"Utazipanda wewe. Ulikosea kwa uvivu, ukazidisha kwa kuficha. Lakini ulisema kabla watu hawajamwagilia udongo mtupu msimu mzima, na hilo nakushukuru. Tena ujue, kama mwaka jana ningemnyima Zilpah, mnavu wa bibi yako ungeishia jikoni kwetu."

Moraa alikipokea kwa mikono miwili. Simu yake ililia mezani. Aliiacha ilie, akaenda kutafuta mahali pakavu pa kuziweka.