Faulo ya Sekunde ya Mwisho

"Faulo! Kijani, namba saba! Mkono! Mitupo miwili!"

Uwanja ulilipuka kwa kelele. Namba saba alikuwa Cassian, nahodha wa timu ya kijani, na karibu kila aliyekaa kwenye zile ngazi za saruji alijua kwamba ndiye mchumba wa refa. Zilikuwa zimebaki sekunde mbili fainali ya ligi ya kikapu ya vijana jijini Mwanza imalizike. Kijani walikuwa mbele, sitini na moja kwa sitini. Mchezaji wa timu nyeupe alipanda kufunga, Cassian akaruka naye, mpira ukatoka nje, wenzake wakaanza kukumbatiana. Hapo ndipo refa, Joviana, alipopuliza filimbi.

Cassian alimsogelea, jasho likimtiririka.

"Jovi, niangalie. Niliupiga mpira."

"Ulipiga mkono. Ondoka hapa, namba saba."

"Namba saba? Leo mimi ni namba saba?"

"Mpaka mechi iishe."

Mtupo wa kwanza uliingia. Wa pili ulizunguka kwenye ringi, watu wakashika vichwa, nao ukaingia. Nyeupe wakachukua kombe kwa pointi moja.

Mechi ile haikuwa ya Joviana. Refa aliyepangwa aliamka na malaria, na Joviana mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwambia Mudathir, kamishna wa mchezo: "Kaka, mimi nimechumbiwa na nahodha wa kijani. Tafuteni mtu mwingine." Mwenye leseni mwingine hakupatikana. Mudathir akawaita makocha wote wawili, na kocha wa nyeupe akacheka: "Huyu si ndiye aliyemtoa Cassian mwezi uliopita kwa faulo tano? Achezeshe tu." Wote wawili wakasaini.

Jioni ile simu ya Joviana iliita kwa ujumbe.

*Umenidhalilisha mbele ya jiji zima.*

*Ulimpiga mkono, Cassian.*

*Mke humlinda mumewe.*

*Sijawa mke wako. Na nikiwa, nitapuliza vilevile.*

Joviana alijua ni hasira za kufungwa, zitapoa. Walikuwa wamependana miaka mitatu, tangu walipokutana kwenye basi la Kayanga wote wakirudi nyumbani kwa Krismasi. Waliwahi kugombana, wakapatana.

Kulipokucha, Mudathir akampigia simu.

"Dada, umekaa?"

"Nimesimama. Kuna nini?"

"Basi kaa. Kuna sauti inazunguka kwenye magrupu. Nakutumia."

Joviana akaifungua. Aliijua sauti ile kuliko sauti ya mtu yeyote jijini.

"Oyaa, wanangu, msiwe na presha na fainali. Refa ni wangu. Mkiona ngoma ngumu dakika za mwisho, niachieni mimi."

Aliisikiliza mara mbili. Mudathir alikuwa bado hewani.

"Aliituma kwa wenzake asubuhi ya mechi," alisema. "Sasa wamefungwa, kuna mmoja wao kaivujisha kwa hasira. Kamati imekusimamisha mpaka Alhamisi watakapokaa. Na jina lako kwenye mtihani wa marefa wa daraja la taifa, dada... wameliweka pembeni."

"Lakini nilipuliza dhidi yake!"

"Mimi niliona. Ila wanasema huenda mlikubaliana, halafu ukaogopa."

Joviana akakata, akampigia Cassian.

"Sauti hii ni yako?"

"Umeipata wapi?"

"Cassian, nakuuliza."

"Jovi, nilikuwa nawatia moyo vijana. Ulikuwa utani tu."

"Miaka sita nimekimbia viwanja vya vumbi, natukanwa na watu wazima, nachezesha watoto wa darasa la tano juani bila hata soda. Unajua kwa nini? Ili nikisimama pale katikati, asiwepo wa kusema huyu ni wa fulani. Na wewe ndiye uliyesema."

"Nisamehe, mpenzi. Sikufikiria."

"Jumamosi msije nyumbani."

"Jovi, wazee wameshajiandaa..."

Alikuwa ameshakata.

Jumamosi hiyo ndugu wa Cassian walitarajiwa Rugera, kijijini kwa kina Joviana, kujitambulisha kufuatia barua yao ya posa. Kesho yake Joviana alipanda basi la alfajiri, akashuka stendi ya Kayanga, akachukua bodaboda mpaka nyumbani. Alimkuta baba yake, Mzee Pastory, akigeuza kahawa kwenye mkeka.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema? Si tulisema Ijumaa?"

"Tata, watumie ujumbe wasije."

Mzee Pastory akaacha kugeuza.

"Amekupiga?"

"Hapana."

"Ana mwanamke mwingine?"

"Hapana. Amelitumia jina langu kwa watu, bila kuniuliza."

Akamweleza yote. Mzee alikuwa hajawahi kuona mechi ya kikapu hata moja, lakini alisikiliza mpaka mwisho.

"Hilo ni kubwa kuliko mwanamke," alisema, akachukua simu yake.

Mama ndiye aliyekataa kuelewa. Alikuwa ameshaahidiwa ndizi na majirani watatu.

"Waitu, jamani, Joviana! Mwanaume ana kazi, halewi, anakupenda. Unamwacha kwa ajili ya mpira?"

"Si mpira, mama. Leo ameniahidi kwa rafiki zake kama mali yake. Kesho ataniahidi kwa nani?"

Mama akaingia jikoni.

Alhamisi mchana Joviana alikuwa shambani akichuma kahawa simu ilipoita. Alijifuta mikono kwenye kitenge.

"Wamenifungia miaka mingapi, kaka?"

"Sikiliza kwanza," Mudathir alisema. "Cassian amekuja mwenyewe kwenye kikao. Hakuna aliyemwita. Amesema sauti ile ni yake, refa hakujua chochote, alijigamba tu. Ametuonyesha simu yake, meseji zenu zote. Na ile ya *nikiwa mke wako nitapuliza vilevile* mwenyekiti ameisoma kwa sauti."

"Mungu wangu."

"Wazee wa kamati wamecheka mpaka basi. Umesafishwa, dada. Mwezi ujao uko Dodoma kwenye mtihani."

"Na yeye?"

"Amefungiwa msimu mzima. Unahodha wamemvua palepale. Aliposikia, akasema ahsante, akatoka."

"Amekutuma uniambie?"

"Amenikataza kabisa. Lakini mimi ni kamishna, si mchezaji wake."

Joviana akakaa chini katikati ya mikahawa. Hasira ilikuwepo bado, palepale kifuani. Ila pembeni yake kilikaa kitu kingine: alijivunia. Alijivunia filimbi yake, na, apende asipende, alimwonea fahari pia yule mpumbavu mrefu aliyesimama peke yake mbele ya kamati.

Jumamosi bodaboda mbili ziliingia uani. Ya kwanza ilimbeba Mzee Xaveri, baba mdogo wa Cassian. Ya pili ilimbeba Cassian, magoti yakifika karibu na kifua. Wakaamkia, wakakaribishwa ndani.

"Nilituma ujumbe msije," Mzee Pastory alisema.

"Tuliupata, waitu, mzee mwenzangu," Xaveri akajibu. "Hatujaja kuposa. Nimemleta huyu aseme neno lake, tuondoke."

Cassian akasimama, kichwa kikikaribia kenchi za paa.

"Baba, nilimkosea binti yako..."

"Usimwambie baba," Joviana alisema kutoka mlangoni. "Niambie mimi."

Cassian akageuka.

"Nilikosea, Jovi. Nilitaka wenzangu wanione mkubwa, nikajikuza kwa jina lako. Na ulipopuliza, badala ya kuona haya, nikakulaumu. Sina cha kujitetea."

"Nina swali moja tu. Ilikuwa faulo, au haikuwa?"

Mzee Xaveri akawatazama wote wawili, hajui kinachoulizwa. Cassian alivuta pumzi.

"Ilikuwa faulo. Nilijua kabla hujapuliza. Nilimpiga mkono kabisa."

"Na ukanitazama machoni ukasema mpira."

"Nilitaka kombe."

Mama alikuwa amesimama nyuma ya pazia, hata hapumui.

"Sawa," Joviana alisema. "Rudi Mwanza, utumikie kifungo chako. Mimi naenda Dodoma. Nikirudi, kama bado unanitaka hivi nilivyo, mtaanza upya, tangu barua."

"Hata mara kumi nitaanza upya," Cassian alisema.

"Mara moja inatosha. Sasa kaa, chakula kinakuja. Baba mdogo ametoka mbali."

Joviana alifaulu Dodoma, wa pili kati ya marefa ishirini na mmoja. Miezi miwili baadaye watu kumi na wawili walishuka Rugera kwa gari na barua mpya. Nyumba ilijaa, majirani wakasimama madirishani. Mzee Pastory alivaa koti lake la ibada, akamshika bintiye mkono, akaukabili ugeni.

"Mmemuona. Huyu wangu akipuliza filimbi, wanaume kumi warefu wanasimama kama watoto wa shule. Mwanamume wa kumi na moja anayetaka kumchukua hapa, ameelewa?"

"Nimeelewa, baba," Cassian alijibu, kabla msemaji wao hajafungua kinywa.

Vigelegele vikaanzia jikoni, kwa mama.