Niliapa Sitaonyesha Nyasi za Mama Naserian

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na mbili, mzaliwa wa Vihiga, na ninaishi Kitengela kwa sababu ya kazi ya maabara katika zahanati ndogo. Sina mume. Ningekuwa naye Desemba hii... lakini ngojeni kwanza niwasimulie, kisha mniambie kama nilikosea!

Raha yangu ni kurusha droni. Nilidunduliza hadi nikanunua moja iliyotumika, nikaiandikisha, nikapata kibali, na kila Jumamosi nikawa natoka kupiga video za nyanda na vilima kutoka juu. Wenzangu kazini walinicheka. Eti mwanamke mzima anachezea vidude vya watoto! Wacheke tu.

Sirushi ovyo mimi. Nina daftari ambamo huandika upepo unatoka wapi, jua litakuwa upande gani, betri itadumu muda gani, na nani atakuwa nyumbani siku hiyo. Hilo la mwisho niliandika kwa nia njema, maana mlio wa droni hutisha mifugo. Laiti ningalijua!

Kiangazi kilipokaza, nilienda kwa Mama Naserian, mjane wa Kimaasai anayeishi mbele kidogo ya mji wa Kajiado. "Takwenya," alinisalimu. "Iko," nikaitikia, naye akacheka matamshi yangu.

Kutoka juu, nchi yote ilikuwa vumbi. Lakini nyuma ya boma lake niliona kipande cha nyasi ndefu, kimezungushiwa miiba. Nilidhani ni shamba lililosahauliwa. Kumbe! Aliniambia hiyo ni olopololi, nyasi zinazotunzwa mwaka mzima kwa ajili ya ndama na ng'ombe dhaifu. Wanawe walikuwa wamehamia mbali wakiwa na wale ng'ombe wengine. Waliobaki walitegemea hapo tu.

"Piga video yako," akasema. "Lakini hiyo nyasi usionyeshe mtu. Wakati wa njaa watu hawana haya."

Nikaapa. Na sikuiweka mtandaoni, Mungu ni shahidi! Nilimwonyesha mtu mmoja tu... Dan.

Dan alikuwa mchumba wangu, mfanyabiashara wa ng'ombe. Alikuwa amefika kwetu Vihiga, wazazi wakampokea kwa kuku na vigelegele. Ningemfichaje mtu kama huyo? Aliitazama ile video mara mbili, akauliza ni wapi, nami nikamweleza mpaka njia ya kuingilia! Daftari langu lilikuwa mezani. Sikujua kama alilisoma. Nilikuwa nimeandika kwamba Jumamosi inayofuata Mama Naserian angekuwa Namanga kwa harusi, na ndama wangekuwa kwa jirani.

Baadaye nikapangiwa zamu kazini Jumamosi hiyo, na Dan alijua. Mwenzangu akaomba tubadilishane zamu. Sikuona haja ya kumwambia Dan. Nikaenda nikasimama kwenye kilima mkabala na boma, nikarusha.

Kwenye skrini nikaona miiba imesogezwa kando. Ndani kulijaa ng'ombe! Pembeni, pikapu yenye turubai la buluu... turubai nililomnunulia mimi mwenyewe.

Nikapiga simu. Kwenye skrini, mwanamume aliyeegemea pikapu akapeleka mkono sikioni.

"Dan, uko wapi?"

"Niko soko Kiserian, sweetie. Kuna kelele sana, nitakucall."

"Basi angalia juu."

Nikamwona akiinua uso. Jamani, uso huo nilikuwa naupenda!

Jioni alikuja kwangu akapiga magoti. Ng'ombe wake walikuwa wanakufa, akasema, na nyasi ni ya Mungu. "Futa hiyo video, please. Utaniharibia jina. Na harusi je?" Mama yangu naye, ambaye Dan alikuwa ameshamweleza, akanipigia simu kutoka nyumbani, akaniambia mwanamke hufunika ya kwake, na kadi zimeshachapishwa. Nililia sana. Lakini sikufuta!

Mama Naserian aliporudi alikuta mchanga mtupu palipokuwa na nyasi. Alinipigia, hakunisalimu. "Ni wewe umeleta hao watu?" Ungejibu nini, msomaji? Nilimwambia ndiyo, ni mimi. Kisha nikamwomba aite wazee.

Mbele ya wazee na chifu, Dan aliapa kwamba siku hiyo alikuwa Kiserian. Nikacheza video. Nikasoma pia ukurasa wa daftari langu, kosa langu nikalitaja mwenyewe. Wazee walimtoza Dan ng'ombe na kumwamuru alete majani makavu mpaka mvua inyeshe.

Lakini majani yalichelewa. Ndama watatu walikufa. Mmoja nilisaidia kumnyanyua asimame, akakataa, akafia mapajani mwangu.

Mimi ndiye niliyemrudishia Dan pete. Wapo wanaosema nimeuza mume kwa ng'ombe wa mjane. Waseme! Heri nizeeke peke yangu kuliko kulala na mwizi niliyemwelekeza njia.

Dada zangu, kaka zangu, nawasihi... siri uliyopewa na mtu si mahari ya kumpelekea mpenzi wako. Ukiapa usimwonyeshe mtu, hata yule unayempenda ni mtu!

Droni sijaiuza. Mvua iliponyesha nilirudi kwa Mama Naserian na sukari na majani ya chai, nikasubiri langoni hadi akaniita. Siku hizi mwenye ardhi ndiye anayeitazama video kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote. Aliponiruhusu kurusha tena, Mama Naserian alishika skrini kwa mikono miwili, akaangalia hadi mwisho, kisha akaweka kidole mahali ambapo nyasi zilikuwa zinaanza kuota tena.

"Hapa ufute," akasema.

Nikafuta, yeye akiangalia.