Sauti ya Cephas Ijumaa Jioni

Mwili wa Cephas Ochieng' ulikuwa umelazwa juu ya turubai, maji bado yakimtoka puani, simu za watu wote waliokuwapo zilipolia kwa pamoja. Ilikuwa Jumapili asubuhi. Mtu mmoja akabonyeza yake kwa mazoea tu, na sauti nzito, yenye ucheshi, ikasikika kando ya kidimbwi.

"Amosou uduto, wakulima wangu. Nawasalimu nyote. Mvua imekaribia. Ile mbegu ya nyanya mnaijua, pandeni bila wasiwasi."

Ilikuwa sauti ya Cephas.

Mzee wa kijiji alikiri baadaye kwamba miguu yake ilitimua mbio kabla yeye hajakata shauri. Wengine walimfuata. Inspekta Nyakerario Mogire, mpelelezi wa Ndhiwa, hakukimbia, lakini mwili ulimsisimka na hakuona haya kusema hivyo. Aliinama akautazama mdomo wa marehemu. Ulikuwa umefumbwa.

Kila aliyelima nyanya kuanzia Ndhiwa hadi Ntimaru alikuwa kwenye kundi la WhatsApp la Cephas. Alfajiri aliwatumia sauti: panda hiki, nyunyiza kile, usiharakishe. Watu waliomkatalia chifu walimtii yeye.

Inspekta alikizunguka kidimbwi. Kilikuwa cha maji ya kunyunyizia shamba, kimetandikwa plastiki nyeusi inayoteleza kama bamia. Ukitumbukia mle hutoki, ndiyo maana kila mwenye kidimbwi cha aina hiyo hufunga kamba kwenye kigingi na kuining'iniza majini. Kigingi kilikuwapo. Kamba ilikuwa chini yake, kavu, imekunjwa vizuri. Ndani, juu kidogo ya maji, plastiki ilikuwa na mikwaruzo mingi ya kucha.

"Kamba haijifungui," alimwambia Sajini Gichana. "Wala haijikunji. Haya ni mauaji."

Uchunguzi wa maiti ulifanyika Homa Bay. Daktari alisema mtu huyu alikufa maji, tena tangu Jumatano au karibu na hapo. Gichana alitoka chumba cha maiti amenywea. Alhamisi Cephas aliwasalimu watu. Ijumaa pia. Leo pia. Habari zikaenea sokoni, na wachimba kaburi wakakataa kushika majembe. Nani atamfukia mtu ambaye bado anaamkia watu?

Mkuu wa kituo hakuamini mizimu. Aliamini jamaa. Frankline, mdogo wa marehemu, ndiye aliyeuona mwili, na alikwenda moja kwa moja kidimbwini. Walikuwa wamegombana juu ya shamba la baba yao. Simu ya Cephas haikuonekana, na kampuni ya simu ilisema ilikuwa ikiwaka mjini Migori, mahali ambapo Frankline hupeleka nyanya kwa pikipiki kila siku. Akatiwa mahabusu. Kesho yake angefikishwa mahakamani.

Jioni mama yao, Phelesia, alikuja kituoni na kitambaa cha kanisa kichwani. Hakulia. Alikaa mbele ya Inspekta kama mtu aliyekuja kudai kilicho chake.

"Mmoja yuko kwa barafu, mwingine yuko kwa seli. Nyar Kisii, binti wa Kisii, niachie mmoja."

"Mama, siku zote hizo hukumtafuta Cephas?"

"Nilikuwa nasikia yeye kila asubuhi. Sasa mtu ananisalimia, nitamtafuta aje?"

Inspekta alishusha macho. Neno hilo lilimchoma.

"Na Frankline alijuaje aende kule?"

"Mimi ndiye nilimtuma. Cephas alituma sauti ya mbegu Ijumaa, jua likiwa limeshaingia. Nikaona mtoto wangu ni mgonjwa wa kichwa. Tukangoja Sabato iishe, lakini kulikuwa na giza. Asubuhi nikamwambia aende, aanzie kwa maji, maana Cephas ni huko anashinda."

Inspekta hakuwa amekanyaga kanisa kwa miaka, ila alilelewa Kisii katika nyumba ya Wasabato, na mambo ya nyumbani hayafutiki. Sabato huanza Ijumaa jua likizama; saa hiyo kwao redio ilizimwa na biashara ikafungwa. Alifungua kundi la wakulima. Sauti ya Ijumaa ilikuja giza likiwa limeingia. Jumamosi, kimya kutwa, na jioni vilevile kimya, ingawa Cephas hakuwahi kukosa kuwasalimu watu Sabato inapofungwa.

Basi aliyetuma alijua kwamba Cephas ni Msabato. Alimheshimu hata katika kumwigiza. Lakini alihesabu siku ya Jumamosi kama ilivyo kwenye kalenda ya ukutani. Frankline, shemasi, asingekosea hivyo hata usingizini.

"Hiyo ni dini," mkuu wa kituo alisema. "Si ushahidi."

Inspekta akavaa visikizi, akasikiliza zile sauti mpaka masikio yakamuuma. Nyuma ya maneno ya marehemu kulikuwa na kitu. Sauti ndogo, nyembamba, nyingi, zisizonyamaza. Akairudisha nyuma, akasikiliza tena. Alipozitambua, nusura acheke.

Vifaranga.

Alimuuliza mama kama Cephas alifuga kuku. Hata mmoja, akajibu. Walikuwa wanammalizia miche, akawachukia kabisa.

Duka la pembejeo la mwanamke aitwaye Emmaculate lilikuwa mjini Migori, kule simu ilikokuwa ikiwaka, nalo ndilo pekee lililouza ile mbegu iliyosifiwa. Emmaculate alikuwa rafiki wa Cephas. Ndiye aliyemfungulia lile kundi miaka ya nyuma. Aliwapokea askari kwa pole nyingi. Nyuma yake, chini ya taa ya joto, makasha ya vifaranga yalipiga kelele.

Inspekta hakumuuliza lolote. Aliiweka simu yake juu ya kaunta akacheza sauti ya Ijumaa.

"Amosou uduto..."

Vifaranga walilia dukani, vifaranga wakalia ndani ya simu. Mkono wa Emmaculate ulisimama juu ya mizani, na macho yakamponyoka kuelekea kasha la chini. Gichana aliingiza mkono kwenye maranda ya kasha la chini, akaitoa simu ya Cephas ikiwa na joto.

Katika chumba cha mahojiano, Emmaculate aliomba maji, kisha hakuyanywa.

"Hizi sauti ni za lini?"

"Za msimu uliopita. Mbegu ilikuwa nzuri, akaisifu kwa moyo. Nilicheza kwa simu yangu, nikarekodi na yake."

"Na ya msimu huu?"

"Ilikuwa imeexpire. Nikabandika lebo mpya."

"Cephas akajua."

"Alipanda yake, haikuota. Akaniita shambani. Akaniambia lazima awaambie watu. Nilimwomba angoje tu msimu uishe. Akachukua simu akaanza kurekodi pale kando ya maji." Akayasogeza yale maji kando. "Nikamnyang'anya simu, nikamsukuma."

"Alishika kamba?"

"Aliishika."

"Nani aliifungua?"

Emmaculate alijikumbatia kama anayesikia baridi. "Mimi. Aliniita kwa jina langu. Aliniita mara nyingi."

"Kwa nini ukaendelea kumfanya aseme?"

"Watu hawakuamini duka langu, Afande. Waliamini sauti yake. Hata mimi nilipokuwa naicheza, niliona kama hajafa." Kisha akauliza, kama mtu anayetaka kujua kweli, "Jumamosi nilimnyamazisha. Nilikosea wapi?"

Inspekta alimweleza. Emmaculate akaangua kilio, na ndipo alipolia kwa mara ya kwanza.

Frankline aliachiliwa siku hiyohiyo. Wataalamu waliirejesha rekodi ambayo Cephas aliifanya kando ya maji na Emmaculate akaifuta, na Jumamosi alasiri Inspekta aliipeleka kwa Mama Phelesia. Mvua ilikuwa imeanza, na watu wengi walikuwa na zile mbegu nyumbani. Alitaka itumwe mara moja.

"Ngoja," mama alisema. "Ni Sabato. Yeye angengoja."

Wakakaa kibarazani, Frankline katikati yao, mpaka jua likazama. Mama akaomba sala ya kufunga Sabato, kisha akabonyeza mwenyewe.

"Amosou uduto, wakulima wangu. Nilikosea. Mbegu ile msiipande, irudisheni. Nisameheni."

Ng'ambo ya migomba simu ya jirani ililia, kisha nyingine, kisha bonde zima. Safari hii hakuna aliyekimbia. Asubuhi wachimba kaburi walifika na majembe yao bila kuitwa.