Mawingu Hawezi Kusimama

Kasian Kalinga na mke wake Severina waliishi katika kijiji kimoja karibu na Igowole, Mufindi. Walihamia hapo mwaka 1974, vijiji vipya vilipoanzishwa. Walilima mahindi, njegere na viazi. Walikuwa na kuku kumi na ng'ombe mmoja wa maziwa.

Ng'ombe huyo aliitwa Mawingu. Alikuwa mweusi mwenye mabaka meupe. Hakuwa ng'ombe wa kienyeji. Kasian alimpata angali mtamba, hajazaa bado, kutoka shamba kubwa la ng'ombe wa kisasa, akamswaga kwa miguu siku mbili mpaka nyumbani. Mawingu alizaa mara mbili bila tabu yoyote.

Maziwa yake yaliokoa mtoto. Kasian na Severina waliishi na binti yao Evarista, na Evarista alikuwa na mtoto mdogo, Lea. Mwaka mmoja nyuma Lea alivimba miguu. Nywele zake zilikuwa nyekundu, na hakutaka kucheza. Muuguzi wa zahanati alisema ni utapiamlo. Aliwaambia wampe uji wenye maziwa kila siku. Baada ya miezi mitatu Lea alikuwa anakimbiza kuku uani.

Sasa Mawingu alikuwa na mimba ya tatu. Walikuwa wameacha kumkamua ili apumzike kabla ya kuzaa. Uji wa Lea ulikuwa hauna maziwa tena, na mtoto alianza kukonda. Kila mtu nyumbani alihesabu siku.

Kasian aliamua kumtunza Mawingu kuliko zamani. Aliwahi kusikia kwenye mkutano wa wafugaji kwamba maziwa yana madini ya chokaa mengi, na kwamba ng'ombe hupata madini hayo kwenye unga wa mifupa. Siku ya mkutano huo mvua ilikuwa inakuja, na mahindi yake yalikuwa yameanikwa nje. Kwa hiyo aliondoka kabla mkutano haujaisha. Alitafuta gunia la unga wa mifupa. Kwa miezi miwili alimpa Mawingu mabakuli mawili yaliyojaa kila siku, yakiwa yamechanganywa na pumba. Mawingu alikula mpaka akalamba ndoo. Kasian alifurahi sana kumwona akila vile.

Mawingu alizaa Jumatatu mchana, mwezi wa Machi mwaka 1977. Alizaa ndama jike mkubwa. Kiwele chake kilikuwa kimejaa na kukaza. Ndama aliponyonya na kushiba, Severina alimkamua Mawingu mpaka tone la mwisho. Aliamini kwamba maziwa yakibaki ndani, kiwele kitaharibika. Ndoo ilijaa. Majirani walikuja kuitazama.

Kesho yake asubuhi Severina alikwenda bandani na majani mabichi. Mawingu alikuwa amelala. Alimwita, hakuinuka. Shingo yake ilikuwa imekunjwa upande, kichwa kimelala juu ya ubavu kama ng'ombe aliyesinzia. Lakini macho yalikuwa wazi, na hayakuangalia kitu. Severina alimsogezea majani mdomoni. Mawingu hakuyanusa. Ndama alilia karibu naye, na Mawingu hakugeuka.

Severina alimshika sikio. Lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Alimwita mumewe. Kasian alimvuta Mawingu mkia, akamsukuma kwa bega, akampiga kofi mgongoni. Ng'ombe aliyumba tu, akaanguka kiubavu, miguu imenyooka. Kasian alirudi nyuma mpaka ukutani. Majirani walikuwa wameshafika mlangoni.

Kasian alimuuliza mkewe alivyokamua jana. Severina alimwambia ukweli, kwamba alimaliza maziwa yote.

"Umemuua," Kasian alisema.

Alisema hivyo mbele ya watu. Walikuwa wameoana miaka ishirini na tano, na Severina hakuwahi kusikia neno kama hilo kutoka kwake.

Kasian alisema anakwenda kumwita Yohane, mchinjaji, ili wawahi nyama kabla ng'ombe hajakata roho. Jirani yao Saulo alisema anakwenda kutengeneza dawa ya maji ya chumvi na mafuta, wamnyweshe kwa nguvu. Severina aliwasikia wote wawili. Kisha alijifunga kitenge kiunoni na kuondoka bila kuaga. Alikwenda Igowole kwa haraka, karibu mwendo wa saa moja na nusu, kumtafuta bwana mifugo.

Alimkuta kwenye josho, anaogesha ng'ombe dawa ya kupe. Bwana mifugo huyo aliitwa Ndalahwa. Alikuwa Msukuma. Wazazi wake walihamia na ng'ombe wao bonde la Usangu, na yeye alisomea mifugo chuoni. Alimuuliza Severina maswali matatu tu. Amezaa lini? Ni uzao wa ngapi? Masikio yana joto au baridi? Severina alipojibu la tatu, Ndalahwa alikuwa tayari anafunga mkoba wake kwenye baiskeli.

"Panda nyuma, mama," alisema. "Hatuna saa nyingi."

Walipofika, Mawingu alikuwa amefungwa kamba miguuni. Yohane alikuwa amefika punde tu, anajaribu makali ya kisu kwenye ukucha wake. Saulo alikuwa amepiga magoti na chupa, ameanza kuufungua mdomo wa ng'ombe.

Ndalahwa aliitupa baiskeli chini. Alimwambia Saulo asimnyweshe hata tone. Koo la ng'ombe huyu limelegea, alisema, hawezi kumeza. Maji yataingia kwenye mapafu na kumuua. Kisha alimgeukia Kasian.

"Ndugu Kalinga, nipe muda kidogo. Nikishindwa, Yohane ataendelea na kazi yake."

Kasian alitikisa kichwa kukubali.

Walifungua kamba. Wanaume wanne walimwinua Mawingu akae kifua chini, wakamwegemeza kwa magunia ya majani. Ndalahwa aliuliza kama kuna maji ya moto. Evarista alileta sufuria, na Ndalahwa aliitumbukiza humo chupa ya dawa mpaka ikapata joto la mwili. Alichoma sindano ndefu kwenye mshipa wa shingo. Dawa iliingia polepole kwa mpira. Muda wote alisikiliza moyo wa ng'ombe. Kila ulipokwenda mbio, aliubana mpira na kusubiri.

Chupa ilifika nusu. Ngozi ya Mawingu ilianza kutetemeka. Kisha alibeua, akatoa kinyesi. Shingo ilinyooka yenyewe. Chupa ilipokwisha, Mawingu aligeuka kumtafuta ndama wake. Alijaribu kuinuka, akaanguka. Alijaribu tena, akasimama.

Yohane alirudi nyuma hatua tatu na kisu chake mkononi. Saulo alikaa chini. Mwanamke mmoja alisema ng'ombe huyu alikuwa amekufa, na yeye amemwona kwa macho yake.

"Hakuwa amekufa," alisema Ndalahwa. "Damu yake iliishiwa na madini ya chokaa, nami nimeyarudisha kwa sindano. Ugonjwa huu tunauita homa ya maziwa, ingawa mwili haupati joto. Unapoa."

Aliwaeleza taratibu. Maziwa yanahitaji madini ya chokaa mengi. Siku ng'ombe anapozaa, maziwa hutoka kwa ghafla na kuyavuta madini hayo kutoka kwenye damu. Bila madini hayo misuli haifanyi kazi. Miguu inalegea, tumbo linasimama, ng'ombe hawezi kula. Mwisho moyo nao unasimama.

"Lakini ana mifupa," alisema Yohane. "Mifupa si chokaa tupu?"

Ndalahwa alisema hapo ndipo penye jambo lenyewe. Mifupa ni ghala. Shingoni mwa ng'ombe kuna vinundu vidogo sana, na vinatoa kitu kinachoitwa homoni. Homoni inasafiri ndani ya damu kama tarishi. Inapeleka amri kwenye mifupa ili itoe madini. Kwa kawaida tarishi huyu anafika kwa wakati.

Kisha aliuliza Mawingu alikuwa anakula nini kabla ya kuzaa. Kasian alimwambia kuhusu mabakuli mawili ya unga wa mifupa kwa miezi miwili. Alisema kwa sauti ya mtu anayetegemea kusifiwa.

Ndalahwa alikunja mpira wa dawa.

"Hapo ndipo palipoharibika, mzee," alisema. "Alipata chokaa tele mdomoni kila siku. Vile vinundu havikuwa na kazi, vikalala. Siku ya kuzaa ilipofika, tarishi hakutoka. Vinundu vitaamka baada ya siku mbili tatu, na ng'ombe hawezi kungoja."

Kasian alitazama gunia lililokuwa kwenye kona. Alisema kwenye mkutano walifundishwa kwamba unga wa mifupa ni mzuri.

"Ni mzuri," alijibu Ndalahwa. "Mpe akiwa anakamuliwa. Wiki sita za mwisho kabla ya kuzaa, acha. Mpe majani mazuri na pumba kidogo, asinenepe sana. Akishazaa, rudisha. Hayo niliyasema mwisho wa mkutano."

Severina aliuliza kuhusu kukamua. Ndalahwa hakumficha. Kumaliza maziwa siku ya kwanza kuliongeza tatizo. Siku tatu za kwanza ndama ashibe, na mtu akamue kidogo tu kupunguza kukaza. Lakini alisema wazi kwamba kukamua peke yake kusingemwangusha ng'ombe vile.

Jioni Kasian ndiye aliyekwenda kuchota maji, kazi ambayo hakuizoea. Ndalahwa alirudi kesho yake, kwa sababu ng'ombe wengine huanguka mara ya pili. Mawingu alikuwa anacheua, na wiki hiyohiyo uji wa Lea ulipata maziwa tena.

Mawingu alizaa tena mwaka 1978. Safari hii gunia la unga wa mifupa lilifungwa wiki sita kabla. Severina alikamua kidogo kidogo kwa siku tatu. Kasian alimshika Mawingu masikio asubuhi, mchana na jioni. Yalikuwa na moto. Siku ya nne ndoo ilijaa, na Lea alipata kikombe chake.

Mwezi huo wafugaji walikutana kwenye josho. Kasian aliomba kusema.

"Mlinisikia nikisema mke wangu ameua ng'ombe," alisema. "Mimi ndiye niliyekaribia kumuua, kwa mkono wangu, nikidhani namlisha vizuri. Na nikaenda kuita kisu. Severina ndiye aliyekwenda kuita dawa. Nimekosa, Mama Evarista. Nisamehe."

Watu walimgeukia Severina. Alisimama, akamshika mumewe mkono kidogo, akaenda mpaka kwa ng'ombe aliyekuwa karibu. Aliwaita wanawake wasogee. Akawaonyesha jinsi ya kushika sikio na kujua kama lina moto au limepoa.

Mwaka ule ng'ombe wawili wa kijiji walianguka baada ya kuzaa. Wanawake waliwahi kushika masikio na kumwita Ndalahwa. Wote wawili walisimama.