Waya wa Freni ya Ruffin

Naomba msamaha mapema, kama mume anayerudi nyumbani na mfuko wa samaki sambaza kabla hajaulizwa alikuwa wapi. Hadithi hii nitaiharibu. Mimi ni mutu wa jukwaani. Miaka yote kazi yangu imekuwa kuvaa kitenge cha shangazi, kuanguka juu ya kiti na kusubiri watu wacheke. Kuogopesha sikufundishwa. Tena siku hizi nina kasoro mpya: naanza kuandika vizuri, kwa utulivu, lakini mbele kidogo maneno yananiponyoka na kuanza kukimbia. Mkifika huko, shikeni kitu.

Ilianza na kidole cha Mama Donatille.

Donatille ni mke wa Adalbert, fundi wa pikipiki, jirani yangu hapa mtaa wa Katoyi, mjini Goma. Jioni moja alitaka kutandika kitanda, akakuta gitaa la mumewe limejinyoosha pale kama mgonjwa. Akalishika shingoni alisogeze. Akapiga kelele.

"Papa Adalbert! Hii kamba iko moto!"

"Kamba ya gitaa haiwezi kuwa moto."

"Basi kuya ushike, weye mwenye kujua."

Adalbert akagusa nyuzi moja moja. Tano zilikuwa baridi kama mawe ya ziwani. Wa sita, ule mwembamba kuliko zote, ulikuwa na joto la kitu kilichotoka kazini sasa hivi. Akanusa kidole. Kilinuka freni iliyoungua, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, ya vitunguu-majani vilivyopondwa.

"Ni jua," akasema.

Nje mvua ilikuwa inapiga mabati.

Sasa lazima mjue uzi ule ulitoka wapi. Adalbert alianza kujifunza gitaa akiwa tayari na mvi, apigie korali ya parokia. Mwaka wa kwanza alikwenda mbele kama maharagi yaliyopata mvua. Do akaipata, sol akaipata, nyimbo za kuingilia akazipata. Kisha akakwama. Katika wimbo wa matoleo kuna mahali vidole vinatakiwa kuruka kutoka sol kwenda fa, halafu kukimbia chini kwa sebene fupi, ile inayowachezesha mama wenye vikapu vya sadaka. Hapo vidole vyake vilisimama kama mbuzi mbele ya maji. Jana vilisimama. Leo vilisimama. Noeli vilisimama, Pasaka vilisimama, na waimbaji walibaki midomo wazi wakimsubiri, na mama wenye vikapu wakibaki mguu mmoja hewani.

Aliyemfundisha ni Mama Mwavita, mwanamke mfupi wa kutoka Maniema, mpiga gitaa tangu ujana wake. Baba yake alikuwa mganga huko kwao, na watu wa Katoyi walimwita mara nyingine kwa mambo yasiyohusu muziki. Kwa kila mwanafunzi alikuwa na dawa ileile.

"Piga polepole mupaka usikie haya mbele ya batu. Ukisha kusikia haya, punguza tena."

"Nimepunguza, mama. Nikipunguza tena nitalala usingizi."

"Lala. Lakini vidole viendelee."

Siku moja Adalbert alichoka kuona haya. Alilitupa gitaa ukutani, na uzi mwembamba ukakatika. Kwa fundi hiyo si shida. Nani hapa Goma hajui kwamba ukifumua waya wa freni ya pikipiki, kile kijiwaya kimoja cha ndani kinalia kuliko nyuzi za dukani? Akatoka uani kutafuta. Pikipiki zote mbovu pale zilikuwa na waya wenye kutu, isipokuwa moja. Ya Ruffin.

Hapa ndipo alipokosa, na mutu wa Paris, asiye na miiko yetu, asingeweza kukosa namna hii hata angejitahidi.

Pikipiki iliyoua dereva wake haiguswi na fundi. Inalazwa kando ya ukuta na ufunguo wake vilevile ulivyokutwa, umefunguliwa, mpaka mke au mama wa marehemu aje aufunge kwa mkono wake na kusema: "Umefika. Shuka." Bila hayo marehemu hajui kwamba safari imekwisha. Ruffin alikuwa motari, dereva wa pikipiki ya kukodi, akishusha vitunguu-majani kutoka Kibumba, mzigo mrefu kuliko yeye. Kwenye kona ya Kilimanyoka freni zilikataa, akaingia katika mawe ya volkano. Mjane wake, Rosine, anayekaa mtaa wa Mapendo, alikataa kuja.

"Siku nitafunga ule ufunguo ndiyo siku atakufa," alimwambia Adalbert. "Acha awe bado njiani."

Pikipiki ikakaa ukutani, msimu wa mvua ukaisha, mwingine ukaanza. Adalbert akaitazama. Akasema peke yake, "Ni kawaya kamoja tu." Akakata.

Jioni hiyohiyo vidole viliruka. Sol, fa, halafu sebene ikamwagika kama mvua ya mawe juu ya mabati. Alicheka, akalia, akamwita mkewe. Jumapili iliyofuata mama wenye vikapu walicheza mpaka padri akanyanyuka kuangalia kuna nini. Mimi nilicheza mpaka soli ya kiatu ikabaki chini ya benchi.

Ila wimbo uliisha, na gitaa halikuisha. Korali ilifunga midomo, vikapu vilikwisha fika altareni, na Adalbert alikuwa bado anapiga, mbio zaidi, macho yamemtoka kama ya mutu anayeshuka mlima bila kutaka. Donatille ndiye aliyepita kati ya waimbaji na kuweka kiganja juu ya nyuzi. Kiganja kiliungua alama moja nyembamba.

Watu walicheka. Tulisema: Roho Mtakatifu.

Toka siku hiyo, kila jioni kuran ya umeme ikikatika, mikono ya Adalbert ililitafuta gitaa. Alilifunga ndani ya gunia, akalipeleka garaji. Vidole vikapiga ukingo wa meza, na sebene ikatoka ndani ya mbao. Donatille alimshika mkono wasali kabla ya kula. Katikati ya Baba Yetu vidole vikaanza kukimbia juu ya kiganja chake, vyepesi, vya moto, na sauti ikatoka, sijui wapi, Donatille alituambia, labda katika mifupa yangu.

"Nifichie kitu kimoja tu," Adalbert akamnong'oneza. "Usiambie batoto."

"Sema."

"Nikipiga, siko hapa. Niko nimekaa nyuma."

"Nyuma ya nini?"

"Nyuma ya Ruffin. Miye ndiye abiria."

Akamweleza jinsi inavyokuja: kwanza harufu ya vitunguu, kisha ukungu wa Kibumba kwenye magoti, baridi kabisa, humo ndani ya chumba chao, kisha kiti kinatetemeka chini yake na upepo unaanza kumpiga usoni na kuleta sauti kutoka mbele, kama sauti ya motari inavyomfikia abiria, vipande vipande, *jishikilie, patron*, na barabara inaanza kuteremka, na kila jioni inaanza palepale lakini inafika mbele zaidi, juzi walifika penye mashamba ya kabichi, jana walifika Kanyamahoro, na mgongo ule mbele yake hauna jasho wala hauna pumzi, na hata mara moja haujageuka.

"Na kesho?" Donatille akauliza.

"Kesho ni ile kona."

Donatille hakungoja kesho. Alimleta Mama Mwavita asubuhi, kabla ya misa ya pili. Mwanamke yule aligusa uzi, akanusa kidole, akakipangusa kwa kitenge chake mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Ile kona iko na jini," akasema kwa sauti ya chini. "Mutu akianguka pale na ufunguo wazi, jini anabaki naye mudomoni. Hamumezi, hamutemi. Anamurudisha Kibumba, anamushusha tena. Anapenda ile mbio. Sasa weye umejipakiza mwenyewe."

"Nikate uzi?" Adalbert akauliza.

"Ukate, ubakie njiani na bo wote wawili? Hapana. Utamushusha Ruffin mupaka kwake Mapendo. Polepole. Na vidole vyako, si vile anakukopesha. Vile vyako vibaya."

"Lakini vile vyangu vinakwama, mama!"

"Ju vinakwama, ndiyo sababu! Jini hana nguvu ya kukimbiza kitu chenye kinakwama. Hiyo ndiyo freni umebakia nayo."

Donatille alipanda pikipiki mpaka Mapendo. Rosine alikuwa anafua. Sijui mimi ningesema nini; yeye alisema hivi: "Mama Rosine, bwana yako bado iko njiani kama ulivyotaka. Lakini si yeye anayeendesha."

Rosine aliacha nguo ndani ya maji na kuja.

Mchana huo tuliketi uani kwa Adalbert. Volkano ilikuwa imejifunika mawingu, na mvua nyembamba ilitulowesha bila haraka. Rosine alichuchumaa kando ya pikipiki, vidole viwili juu ya ufunguo. Mama Mwavita alichukua bati la mafuta na kuanza kulipiga, taa, taa, polepole kiasi kwamba kati ya pigo na pigo mutu aliweza kujuta.

"Usifunge mupaka afike," alimwambia Rosine. "Ukifunga mapema, unamuacha na ule mwingine."

Adalbert akaanza.

Akapiga vibaya. Mungu wangu, alivyopiga vibaya! Ningekuwa jukwaani ningecheka, lakini harufu ilikuwa imekwisha ingia, vitunguu na freni, na ile pikipiki isiyo na petroli, isiyo na betri, iliyolala ubavu tangu msimu mwingine, ilianza kunguruma, kwanza chini chini kama paka, halafu kwa nguvu, gurudumu la nyuma likazunguka hewani na kuturushia matope, na mkono wa Adalbert ukavutwa, tuliuona ukivutwa, vidole vikataka kuruka, sol, sol, sol, na Mama Mwavita akapiga bati lake palepale bila kuongeza kitu, akisema usikie haya, Adalbert, sikia haya, punguza, na damu ikateremka kutoka ncha za vidole mpaka kwenye kiwiko, na yeye akilia akisema ni kona, mama, ninaiona, ni kona, na ngurumo ikawa kilio, na mahali pale pa siku zote pakafika, sol kwenda fa, na vidole vyake, vidole vyake mwenyewe vya ufundi, vinene, vizito, vikafanya vilichokifanya Noeli na Pasaka.

Vikakwama.

Ngurumo ikashuka. Gurudumu likapunguza. Adalbert akavuta kidole kimoja kama anayeng'oa msumari, akakiweka penye fa. Kingine. Kingine. Fa ikalia, mbaya, nzima.

"Tumepita," akasema.

Baada ya hapo alituita majina ya njia kwa sauti ndogo. Kanyarucinya. Munigi. Majengo. Kati ya jina na jina kulikuwa na noti chache tu, na hakuruka hata moja. Rosine aliweka mdomo karibu na taa iliyovunjika.

"Usikimbie, Papa Charline," alimnong'oneza mumewe, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Chakula haijapoa. Batoto balishaoga. Kuya tu polepole."

"Mapendo," Adalbert akasema. "Mlango wa bluu."

Rosine hakufunga. Tulimtazama wote. Mvua ilikuwa inamtiririka usoni, na vidole viwili vilikuwa bado juu ya ufunguo, na kwa muda mrefu nilidhani atakataa, atamrudisha Kibumba, ili awe naye njiani siku zote.

Akafunga.

"Umefika," akasema. "Shuka."

Kiti cha pikipiki kikapanda kidogo, kama kinavyopanda mutu mzito anapoteremka.

Adalbert bado anapiga kanisani. Wimbo wa matoleo sasa unatembea kama watu wanaotoka mazikoni, na ncha za vidole viwili hazina hisia tena. Lakini anatoka sol, anaingia fa, na hakwami. Rosine amevaa nguo nyeusi ya ujane, ile aliyokuwa ameikataa.

Kuhusu waya, Mama Mwavita alisema wote uzikwe chini ya mawe palepale kwenye kona, hata kipande kisibaki mjini. Walitafuta mutu wa kuupeleka, mutu asiyeogopa, mwenye ulimi mrefu. Wakanipa mimi.

Nikaupeleka. Nikauzika. Karibu wote. Mguu wa miwani yangu ulikuwa umekatika siku nyingi, na kijiwaya cha urefu wa kidole, chembamba, kigumu, kilifaa kabisa, nikakifunga palepale kando ya barabara, na toka hapo kila ninapovaa miwani kuandika naanza kwa utulivu na kumaliza mbio, mlivyoona wenyewe, na sasa hivi chuma kinanichoma nyuma ya sikio na nyumba inanuka vitunguu-majani na leo hatukupika, na magoti yangu yana baridi ya Kibumba, na mbele yangu kuna mgongo usio na jasho ambao haugeuki, na Ruffin nilimwona kwa macho yangu akishuka, kwa hiyo si Ruffin, na mutu huyo ananiambia jishikilie, patron. Lakini msimlaumu jini, ndugu zangu, yeye yuko kazini, mlaumuni mbahili mimi, niliyeona afadhali kupakiwa bure kuliko kununua miwani.